Kodi ya kutuma hela, nyangumi wa Alaska na mbunge aliyesinzia: Congress ya Marekani nyuma ya pazia

Mwezi wa tano 2025 magrupu ya WhatsApp niliyomo yaliwaka moto. Kila ndugu aliyeko Marekani anaforward ujumbe uleule, kwamba Trump anataka kukata asilimia 5 ya kila hela unayotuma nyumbani, yaani ukituma dola 200 za ada ya mtoto inabidi utoe 10 nyingine ziende serikalini. Kwa Kenya peke yake hiyo siyo habari ndogo, 2024 walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 na zaidi ya nusu ilitoka Marekani. Watu wakaanza kupanga njia za kukwepa kabla hata sheria haijapita.

Halafu ikapoa. Asilimia 5 ikashuka ikawa 3.5, baadaye ikawa 1, na ile 1 yenyewe iliyoanza Januari 2026 inamgusa anayelipa kwa cash au hundi za kununua dirishani tu, ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya Marekani hukatwi. Wengi walisema Trump kalegeza, wengine dua zetu zimejibiwa. Kodi hiyo ilikuwa kipengele kimoja tu ndani ya muswada mkubwa wa Trump, ule ulioitwa mkubwa na mzuri. Mimi nilikaa nikafuatilia safari ya ule muswada mwanzo mwisho, na nikagundua kwamba ukiuelewa huo mmoja umeielewa Congress karibu yote, kwa hiyo twende nao.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maneno maana Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya. Sisi jimbo ni pale anapotoka mbunge, lakini redioni unasikia jimbo la Texas, jimbo la California. Hapa nitasema steti kwa Texas na wenzake, jimbo litabaki la mbunge. Congress ina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi (sio lile la Zanzibar) lina wabunge 435, kila mmoja na jimbo lake, na wote wanarudi kuomba kura kila miaka 2, ndiyo maana kule kampeni haziishagi. Seneti ina watu 100, wawili kila steti, haijalishi ni Wyoming ambayo watu wake hawafiki laki 6 au California yenye karibu milioni 40, na wao wanakaa miaka 6. Muswada lazima upite kote kuwili kwa maneno yaleyale, tofauti ya mstari mmoja tu inabidi urudi.

Sasa Spika. Sisi tumezoea Spika ambaye angalau anajifanya refa. Spika wa kule ni kocha wa timu inayoongoza na wala hafichi. Yeye ndiye anaamua nini kiingie ukumbini na lini, na ana Kamati ya Kanuni yenye watu 13 ambao 9 ni wa chama chake, hiyo inapanga mjadala uchukue muda gani na marekebisho ya nani yasikilizwe. Chini yake kuna wanadhimu wanaopita na orodha mkononi, huyu ndiyo, huyu hapana, huyu anataka abembelezwe. Spika mwenye akili hapeleki kitu kupigiwa kura mpaka hesabu imekaa. Zile hotuba unazoziona zinatrend mara nyingi mtu anaongea na viti vitupu na kamera, klipu ni ya wapiga kura wake nyumbani.

Tuone hesabu yenyewe sasa. Tarehe 22 Mei 2025, karibu saa moja asubuhi baada ya kukesha usiku kucha, Baraza lilipitisha ule muswada kwa kura 215 dhidi ya 214. Tofauti ya mtu mmoja! Republican, chama cha Trump, walikuwa 220 na Democrat 212, viti vitatu vilikuwa wazi, na vyote vitatu vilikuwa vya Democrat waliofariki mwaka huohuo: Sylvester Turner wa Texas, Raúl Grijalva wa Arizona, na Gerry Connolly wa Virginia ambaye alifariki siku moja tu kabla ya kura. Upande wa pili Republican wawili walikataa, mmoja hakuegemea popote, na wawili hawakupiga kabisa, mmoja alichelewa na mwingine, Andrew Garbarino wa New York, Spika mwenyewe Mike Johnson alisema jamaa alipitiwa na usingizi. Sasa piga hesabu, wale marehemu watatu wangekuwepo inakuwa 217 za hapana na 215 za ndiyo, na usingizi wa Garbarino ungekuwa kesi nyingine kabisa. Democrat wenyewe waligombana vibaya baada ya hapo kuhusu wazee wanaong'ang'ania viti huku wanaumwa. Hicho kiti cha Grijalva kikumbuke, tutakirudia.

Basi muswada ukaenda Seneti, na kule kuna mdudu anaitwa filibasta. Kwa kawaida Seneti haiwezi kufunga mjadala mpaka wapatikane 60 kati ya 100. Zamani ilikuwa hata theluthi mbili, wakashusha 1975. Watu wanadhani filibasta ni lazima mtu asimame aongee mpaka miguu ivimbe kama seneta Cory Booker aliyeongea masaa 25 kuanzia 31 Machi mpaka 1 Aprili 2025, lakini siku hizi inatosha kutoa taarifa tu kwamba sisi hatukubali, kitu kinakwama kimyakimya, hakuna hata anayetoka jasho. Republican walikuwa 53. Kwa hiyo kwa njia ya kawaida muswada ungekufa, full stop.

Wakatumia njia ya mkato ya bajeti iliyowekwa na sheria ya 1974. Ukipitia humo unahitaji wingi wa kawaida tu, 50 na kura ya Makamu wa Rais, ila sharti kila kipengele kihusu mapato au matumizi ya serikali, huwezi ukachomeka sera zako tu. Na nani anasema hiki ni cha pesa na hiki siyo? Hapa ndipo mimi nilishangaa, ni mtumishi wa Seneti asiyechaguliwa na mtu, mshauri wa kanuni, mama mmoja anaitwa Elizabeth MacDonough yuko pale tangu 2012. Mwaka 2021 Democrat walitaka kupandisha kima cha chini cha mshahara kuwa dola 15 kwa saa kupitia njia hiyohiyo, akasema hii haifiti, ikatoka. Mamilioni ya watu wakakosa nyongeza kwa neno la mtu ambaye ukikutana naye kwenye daladala humjui. Ndiyo maana kwenye hiyo miswada utakuta kila kitu kimevalishwa nguo za kodi. Kodi ya kutuma hela ilipita kirahisi kwa sababu ni kodi kweli.

Ila ndani ya Seneti ndiyo ilinyolewa. Toleo la Baraza lilikuwa linawakata wasio raia tu, maana yake kampuni za kutuma hela zingelazimika kumuuliza kila mteja uraia wake na kuweka ushahidi, balaa tupu. Mexico walipiga kelele rasmi, maana wao ndio wapokeaji wakubwa kabisa wa hela kutoka Marekani. Toleo lililotoka likaacha habari ya uraia kabisa, hata raia mwenye pasipoti ya bluu akienda dirishani na cash anakatwa asilimia 1, lakini mwenye kadi anapita. Kwa hiyo kodi iliyouzwa kwa wapiga kura kama ya kuwabana wahamiaji mwisho ikawa kodi ya mtu asiyetumia benki. Hakuna hotuba yoyote iliyobadilisha hiyo, ni kalamu za wasaidizi kwenye vyumba vya kamati.

Siku za mwisho zilikuwa sinema. Chuck Schumer, kiongozi wa Democrat kwenye Seneti, alilazimisha muswada usomwe wote kwa sauti, makarani wakapokezana kurasa kama 940 kwa masaa karibu 16, lengo ni kuchelewesha tu. Halafu ikaja ile mbio ya marekebisho, kura juu ya kura zaidi ya masaa 24 bila kulala. Humo kipengele cha kuzuia steti zisitunge sheria za akili mnemba kiling'olewa kwa kura 99 kwa 1. Dakika za mwisho kabisa Schumer akaomba lile jina la muswada, mkubwa na mzuri, lifutwe kwa kukiuka kanuni, likafutwa, kwa hiyo jina ambalo dunia nzima inalitumia kisheria halipo (mimi hii ilinichekesha sana).

Hesabu ikakaa 50 kwa 50 na Makamu wa Rais JD Vance akavunja. Aliyeamua yote ni Lisa Murkowski wa Alaska. Republican watatu walishakataa, yeye akikataa kimekwisha, na yeye alijua hilo. Ukisoma sheria ilivyotoka unakuta Alaska imepewa nafuu kwenye masharti ya msaada wa chakula, na unakuta kwamba manahodha wa asili wanaovua nyangumi kule sasa wanaruhusiwa kutoa gharama zao kwenye kodi hadi dola 50,000 kwa mwaka, zamani ilikuwa 10,000. Nyangumi jamani! Ndani ya sheria ileile ya Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) na mipaka na hela unayomtumia bibi. Siwalaumu watu wa Alaska, wamewakilishwa haswa. Murkowski akishapiga kura ya ndiyo akawaambia waandishi anatumaini Baraza litaurekebisha zaidi, na Baraza halikugusa hata nukta.

Lilipitisha tarehe 3 Julai, 218 kwa 214, baada ya Spika kuiacha kura moja ya utaratibu wazi kwa zaidi ya masaa 7 huku wagomvi wanabembelezwa mmoja mmoja. Kura ya dakika chache inakaa wazi masaa 7! Kiongozi wa Democrat Hakeem Jeffries alitumia haki ya viongozi ya kuongea bila kikomo akaongea masaa 8 na dakika 44, akavunja rekodi, kura hazikubadilika hata moja.

Sasa swali ambalo nadhani Mtanzania yeyote atauliza: hao wagomvi wanaogopa nini? Huku kwetu jibu ni jepesi, chama kikikufukuza uanachama na ubunge umekwenda. Marekani chama hakina nguvu hiyo, hakiwezi kukuvua ubunge na wala hakiwezi kukata jina lako, hakuna Kamati Kuu ya kukaa usiku ikarudisha mshindi wa tatu. Anayeshinda kura za maoni za ndani ya chama ndiye mgombea, hata viongozi wa chama wote wamchukie. Ungetegemea basi wabunge wa kule wawe huru kama ndege, na zamani kweli walikuwa huru zaidi kuliko sasa.

Kinachowabana ni hizohizo kura za maoni. Kule nako wajumbe sio watu. Mwaka 2014 Eric Cantor wa Virginia, namba mbili wa Republican kwenye Baraza, mtu aliyekuwa anasubiri uspika, alipigwa chini na mwalimu wa chuo anaitwa Dave Brat, na waliojitokeza kupiga kura ni kama elfu 65 tu kwenye jimbo lenye watu zaidi ya laki 7. Mwaka 2018 New York, Joe Crowley, mkongwe wa karibu miaka 20, aliangushwa na Alexandria Ocasio-Cortez, dada wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia baa, na wapiga kura hawakufika elfu 30. Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi kambi ya wakimbizi Kenya, vita yake ya kweli 2018 ilikuwa kura za maoni za mwezi wa nane kule Minnesota, ule uchaguzi wa Novemba alishinda kwa asilimia 78 ikawa kama sherehe. Kwa hiyo mbunge wa kule hamwogopi mpinzani wa chama kingine, anamwogopa jirani yake wa chama kilekile, na wale wanachama wachache wenye hasira wanaojitokeza mwezi wa sita jua kali.

Turudi kwenye muswada. Thom Tillis, seneta wa North Carolina wa Republican, Jumamosi usiku alipiga kura ya kuuzuia usiendelee. Trump akatangaza atatafuta watu wa kumpinga kwenye kura za maoni. Jumapili Tillis akatangaza hagombei tena. Siku moja! Na ukiangalia vizuri, alipojua hagombei ndipo akasimama ukumbini akauchambua muswada kwa uhuru wote. Wengine wote waliona.

Kwa nini kura za maoni zimekuwa uchaguzi wenyewe? Ramani. Kila miaka 10 baada ya sensa majimbo yanachorwa upya, na kwenye steti nyingi wachoraji ni wanasiasa wenyewe. Mchezo huu una jina, jerimanda, kutoka kwa gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts ambaye 1812 alisaini ramani yenye jimbo lililopinda mpaka gazeti likalifananisha na mnyama wa kutisha. Ufundi wake ni mmoja tu, wapinzani wako warundike kwenye majimbo machache washinde huko kwa asilimia 80, waliobaki wasambaze kila mahali wawe wachache. Pennsylvania 2012 wagombea wa Democrat kwa jumla walipata kura nyingi kuliko Republican, na Republican wakachukua viti 13 kati ya 18. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema mahakama za shirikisho hazina la kufanya kama jerimanda ni ya kichama. Basi ikawa ruksa. Mwaka 2025 Texas hawakusubiri hata sensa, Trump alitaka viti 5 zaidi, wabunge wa Democrat wa steti wakakimbilia Illinois ili akidi isitimie, wakarudi, ramani ikapita. California nao wakajibu, Novemba wananchi wakapiga kura kubadilisha ramani yao Democrat wapate 5 za kufidia. Wale wanaojiita watetezi wa mipaka ya haki walikuwa kimya kidogo wiki hiyo. Matokeo ni kwamba kati ya majimbo 435 yenye ushindani wa kweli ni makumi machache, kwingine kote mshindi anajulikana kabla kampeni hazijaanza.

Na pesa. Mtu mmoja anaruhusiwa kumchangia mgombea dola 3,500 kwa kila uchaguzi kwa 2025 na 2026, kura za maoni zinahesabiwa peke yake. Kiasi hicho kidogo ndiyo kinawafanya wabunge wawe omba omba wa simu. Sheria inakataza kuomba michango ukiwa ndani ya ofisi za bunge, kwa hiyo wanavuka barabara wanaenda kwenye majengo ya chama, wanakaa kwenye vijichumba na karatasi ya majina ya matajiri, wanapiga moja baada ya nyingine kama watu wa huduma kwa wateja. Mwaka 2013 ilivuja ratiba ambayo Democrat waliwapa wabunge wapya, masaa 4 kwa siku yametengwa kwa simu za kuchangisha. David Jolly wa Republican kutoka Florida alisema hadharani 2016 kwamba alipofika Washington aliambiwa atafute dola 18,000 kila siku. Na ukitaka nafasi nzuri kwenye kamati chama kinategemea ulete mgao wako.

Hiyo ndiyo pesa ya halali yenye kikomo. Tangu maamuzi ya mahakama ya 2010 kuna supa PAC, yaani kamati za nje zinazokusanya na kumwaga pesa za kampeni, hizo hazina kikomo ilimradi zisishirikiane na mgombea. Mwaka 2024 New York, Jamaal Bowman aling'olewa kwenye kura za maoni baada ya supa PAC ya kundi linaloitetea Israel kumwaga zaidi ya dola milioni 14 kwenye jimbo moja. Matangazo mengi hata hayakuitaja Israel, yalisema alipinga muswada wa barabara wa Biden. Na siyo lazima zitumike kila mahali, wenzake walioona wamejifunza bure.

Sasa kile kiti cha Grijalva. Mzee alifariki mwezi wa tatu 2025, uchaguzi mdogo ukafanyika 23 Septemba, binti yake Adelita akashinda kwa kishindo. Akaenda Washington kuapishwa, Spika akasema Baraza liko likizo, subiri. Akasubiri wiki 7, katikati serikali ikafungwa siku 43. Kwa nini asiapishwe? Spika alitoa sababu zake za kiratibu, lakini kila mtu aliijua hesabu: kulikuwa na karatasi ya kulazimisha kura ya kuweka wazi mafaili ya Jeffrey Epstein, yule tajiri aliyeshtakiwa kwa kuwanyanyasa wasichana kingono. Wabunge 218 wakisaini karatasi ya namna hiyo, muswada unaingia ukumbini Spika atake asitake, ni moja ya njia chache za kumpita. Saini zilikuwa 217. Adelita aliapishwa 12 Novemba, dakika chache baadaye akasaini.

Wiki iliyofuata ikapigwa kura. 427 kwa 1. Yaani watu waliokuwa wanakimbia huo muswada miezi yote, ulipofika mbele ya kamera wakaupitisha karibu wote. Ilitokea kinyume chake 2013, Seneti ilipitisha mageuzi ya uhamiaji kwa kura 68, njia ya uraia kwa mamilioni ya wasio na karatasi, na wachambuzi wengi waliamini kwenye Baraza kura zipo ukijumlisha vyama vyote. Spika John Boehner hakuuleta. Wengi wa chama chake hawakuutaka, na desturi yao ni kwamba bila wengi wa chama hakiingii kitu. Kuna watu wetu kule Houston na Minneapolis ambao wangekuwa na karatasi leo.

AGOA ni hivyohivyo. Ule mpango wa nchi za Afrika kuuza bidhaa Marekani bila ushuru ulianza 2000, 2015 ukaongezwa miaka 10, una marafiki vyama vyote viwili. 30 Septemba 2025 ukaisha muda. Hakuna kura iliyopigwa kuukataa, ulikosa tu nafasi kwenye ratiba, na kesho yake serikali ikafungwa. Januari 2026 ulipowekwa mezani Baraza likaupitisha kwa wingi mkubwa. Miezi yote ya katikati suruali za jinzi zilizoshonwa Athi River, Kenya, zilikuwa zinafika Marekani na ushuru kamili juu yake.